Kujitolea kulea watoto wachanga kwenye makao ya watoto Moshi na Arusha: mwongozo kamili

Saa kumi na moja alfajiri, kwenye chumba cha wachanga, kinachoanza kusikika ni birika, si kilio. Mlezi wa zamu ya usiku anachemsha maji ya chupa za asubuhi, na birika likianza tu kuvuma, watoto wawili watatu wameshageuza shingo kuelekea mlangoni. Wanajua nani ataingia, ameshika nini, na nani atanyanyuliwa kwanza. Ukitaka kujitolea kwenye chumba hicho, ujue unaingia kwenye nyumba ya mtu yenye taratibu zake, hata kama mwenye nyumba ana miezi minne na hajui kusema karibu.

Mimi nilianza kama wewe. Nilikuwa naenda Jumamosi tu, Moshi, nikaajiriwa kama mlezi, na baadaye nikawa ndiye ninayepokea wanaokuja kujitolea. Wengi walitoka Ulaya na Marekani. Wengine walivuka Namanga au Holili kutoka Kenya. Waliotoka Majengo au Pasua, mitaa ya hapa Moshi, safari ya kifodi kimoja, yaani daladala moja, walikuwa wachache mno, na hilo lilikuwa likiniuma, maana hao ndio wangeweza kuja kila wiki kwa miaka miwili, wakaongea na mtoto lugha atakayoikuta nyumbani. Kwa hiyo mwongozo huu ni wa kila anayekuja, ila nikisema "njoo" mara nyingi nina maana wewe wa hapahapa.

Hatua ya kwanza: hesabu muda wako kabla ya kitu kingine

Kulikuwa na mtoto, nitamwita Baraka, ambaye hakulala bila kushika sikio la anayempakata. Si nywele, si kidole: sikio. Akaja dada mmoja wa kujitolea, mwema kabisa, akampenda, akampakata kila usiku kwa wiki tatu, kisha akapanda ndege. Usiku uliofuata Baraka alipapasa sikio langu, akalikataa, akalia mpaka sauti ikakauka. Ilichukua usiku tisa. Mlezi mwenzangu aliniambia, "Huyu sasa amefiwa mara ya pili," naye hakuwa anatania.

Watu hudhani mtoto mchanga hajui, kwamba mkono wowote ni mkono. Sivyo. Mwaka 2000 watafiti walianza kufuatilia watoto 136 waliokuwa wakilelewa kwenye taasisi jijini Bucharest, Romania. Nusu yao walipelekwa kwenye familia za malezi, nusu wakaendelea na malezi ya taasisi kama kawaida. Waliopata familia walikua vizuri zaidi, na waliozipata kabla ya kufikisha umri wa miaka miwili ndio waliofaidika zaidi kwenye uwezo wa kushikamana na mlezi. Waliobaki hawakukosa tu chakula au dawa; walikosa mtu mmoja wa kudumu. Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa nalo lilipitisha azimio linalozitaka nchi zizuie madhara yanayotokana na utalii wa makao ya watoto na watu kujitolea humo.

Basi jipime hivi. Kama una wiki mbili, usiombe kupakata watoto. Omba kufua, kupika, kupaka rangi, kutengeneza uzio, kupanga stoo. Usione umetupwa pembeni: nepi ukizifua wewe, mlezi anapata saa mbili za kukaa na mtoto wake. Kama una miezi sita kwenda juu, au unaweza kufika siku ileile na saa ileile kila wiki kwa mwaka mzima, sasa tuzungumze habari ya chumba cha wachanga. Mtu wa kila Jumanne ana faida kuliko wa kila siku kwa mwezi mmoja.

Hatua ya pili: chagua makao kwa macho makavu

Chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, makao ya watoto lazima yawe na leseni kutoka kwa Kamishna wa Ustawi wa Jamii. Usione haya kuomba kuiona. Makao yaliyonyooka huitundika ofisini ukutani, karibu na picha ya Rais. Ukitaka uhakika, nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri: Arusha Jiji, Arusha DC, Meru, Moshi Manispaa au Moshi Vijijini, kutegemea makao yalipo. Watu husahau kwamba Ngaramtoni na Usa River haziko chini ya Jiji, wanaishia kuzungushwa.

Kisha uliza maswali haya, na sikiliza zaidi namna yanavyojibiwa:

Mtoto anafikaje hapa? Jibu zuri linapitia kwa afisa ustawi wa jamii, polisi au hospitali, na lina karatasi. "Tunaokota tu vijijini" si jibu.

Anaondokaje? Hapa ndipo penye uzito. Wachanga wengi niliowalea hawakuwa yatima wa pande zote. Mama alifariki akijifungua, baba akabaki na kichanga na hana uwezo wa kununua maziwa ya kopo, au bibi ana nguvu za kulima lakini hana za kuamka usiku mara nne. Makao yanayojua kazi yake yanamjua huyo baba, yanampigia simu, yanamwita aje kumbeba mwanawe, na yana mpango wa kumrudisha mtoto nyumbani akishaanza kula na kutembea. Wasio na ndugu wanatafutiwa familia ya malezi ya kambo au ya kuwaasili kwa mujibu wa sheria. Makao ambayo mtoto anaingia akiwa na wiki mbili na hakuna anayejua atatoka lini, yaogope.

Zamu ya usiku wako walezi wangapi, na watoto wangapi? Walezi wamekaa hapa muda gani? Kama kila mlezi ana miezi mitatu tu kazini, kuna kitu kinawafukuza.

Dalili ya kukuondoa mbio: wanakupa mtoto mikononi dakika ya tano bila kukuuliza jina, watoto wanapangwa mstari kuimbia wageni, au ada ya kujitolea inatumwa kwenye namba ya simu ya mtu binafsi bila risiti. Niliwahi kwenda mahali, pembeni ya mji, tukapokelewa na watoto wa miaka miwili wanaokumbatia kila anayeshuka garini. Wenzangu walifurahi. Mimi nilihuzunika, maana mtoto wa umri huo mwenye mtu wake hujificha nyuma ya sketi akiona mgeni.

Hatua ya tatu: karatasi na afya

Mtanzania: kitambulisho cha NIDA, barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa, wadhamini wawili, na hati ya tabia njema ya Polisi, ile ya alama za vidole. Wasipokudai hati hiyo, ipeleke hivyohivyo, na uwaulize kwa nini hawakuidai.

Anayetoka nje: viza ya utalii haikuruhusu kujitolea. Kuna kibali cha ukaazi daraja C, ambacho ndicho cha wanaojitolea, na makao ndiyo yanayopaswa kukusimamia kuomba. Ndugu zetu wa Kenya huvuka Namanga bila viza wakidhani yameisha. Kuvuka ni jambo moja, kufanya kazi, hata isiyo na mshahara, ni jambo lingine. Waulize Uhamiaji kabla ya kupanda basi.

Afya: pima kifua kikuu, hakikisha una kinga ya surua na homa ya ini ya B. Kucha fupi, pete na hereni za kuning'inia zibaki nyumbani. Ukiwa na mafua au tumbo la kuendesha, usije. Piga simu, useme ukweli, ulale.

Hatua ya nne: wiki ya kwanza uko chini ya mlezi

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwetu jembe unapewa siku ya kwanza, nalo ni beseni la nepi.

Ukifika, wasalimie walezi kwanza, watoto baadaye. Shikamoo kwa mama wa jikoni, shikamoo kwa mlinzi kama ni mtu mzima. Mlezi ataitwa Mama fulani au Dada fulani, wewe mfuate anavyoitwa. Mara nyingi hajasoma kama wewe, lakini anajua kilio cha njaa na kilio cha tumbo akiwa chumba cha pili. Wageni wengi huanguka hapa: wanakuja na walichosoma kwenye simu na kuanza kumsahihisha mbele ya wenzake. Ukiona kitu hakiko sawa, subiri mbaki wawili, umuulize, "Mama, hapa huwa mnafanyaje?"

Usimnyanyue mtoto siku ya kwanza. Kaa mkekani, chini. Acha wakuzoee sauti. Mlezi atakupa mtoto mmoja, wawili kwa zaidi, watakaokuwa wako. Si kumi. Ukipita kitanda hadi kitanda ukimbeba kila anayelia dakika mbili, mwisho wa siku hujamtuliza hata mmoja.

Nepi za kitambaa: kinyesi kinatolewa chooni kwanza, kisha zinalowekwa, zinafuliwa kwa sabuni, zinasuuzwa mpaka maji yawe meupe, zinaanikwa juani. Sabuni ikibaki kwenye kitambaa, ngozi ya mtoto itakuambia kesho yake. Juni na Julai Arusha hakuna jua la maana mpaka saa saba mchana, kwa hiyo nepi zifuliwe mapema, la sivyo usiku mtapungukiwa.

Hatua ya tano: chupa

Hapa nitakaa, maana watoto huumia hapa zaidi ya pengine popote.

Anza na maji. Maeneo mengi yanayozunguka Mlima Meru yana madini ya floridi kwa wingi kwenye maji, na ndiyo sababu watu waliokulia huko wana meno ya kahawia. Kiwango cha juu ambacho Shirika la Afya Duniani linapendekeza ni miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakuondoi floridi. Maji yakipungua kwa mvuke, inabaki ileile kwenye maji machache zaidi. Mtoto anayeishi kwa maziwa ya kopo anakunywa maji hayo kila siku, kila chupa. Kwa hiyo ukiwa upande wa Arusha, swali la maji ya watoto yanatoka wapi ni la siku ya kwanza. Makao makini huvuna maji ya mvua, au hununua maji ya chanzo kilichopimwa, na wana karatasi ya vipimo.

Sasa utaratibu. Osha mikono kwa sabuni. Chupa na chuchu ziwe zimesuguliwa kwa brashi na kuchemshwa. Chemsha maji mpaka yatokote kweli, yaache yapoe kidogo lakini yasizidi nusu saa, maana unga wa maziwa lazima ukutane na maji yasiyopungua nyuzi joto 70. Unga wenyewe hauna uhakika wa kuwa safi kabisa, na joto hilo ndilo linaloua vijidudu vilivyomo. Maji kwanza, unga baadaye, kwa kijiko cha ndani ya kopo hilohilo, kimesawazishwa juu kwa kisu kisafi. Fuata idadi iliyoandikwa kwenye kopo. Usizidishe maji ili kopo lifike mwisho wa mwezi: mtoto atashiba maji, atakonda huku anakunywa, na utashangaa kwenye mizani. Kisha ipoze chupa kwenye beseni la maji baridi, dondosha tone kwenye kifundo cha mkono. Lisikuchome.

Maziwa yaliyokaa nje zaidi ya saa mbili yamwagwe. Yaliyobaki kwenye chupa mtoto akishamaliza yamwagwe pia, hata kama roho inauma kwa bei yake. Mwezi wangu wa kwanza nilikoroga chupa kwa maji ya birika lililokaa tangu jioni. Yalikuwa yamechemshwa, nikaona yanatosha. Mama mmoja mtu mzima aliishika chupa, akaipima kwa kiganja, akaimwaga kwenye karo bila neno, akanikabidhi birika tupu. Sijarudia.

Na kunywesha ni kupakata. Kichwa kiwe juu kidogo ya tumbo, chuchu ijae maziwa isivute hewa, uso wako umtazame. Asipokutazama wewe endelea kumtazama. Kuna watoto wanaoangalia taa kwa wiki nzima kwa sababu hawajazoea kwamba chupa ina mtu. Kamwe usiegeshe chupa kwa blanketi ukaenda kwa mwingine. Anaweza kupaliwa, na hata asipopaliwa, anajifunza kwamba kula ni jambo la peke yake. Watoto wakizidi mikono, mwite mpishi, mwite mlinzi, mwite mhasibu. Mhasibu wetu alikuwa hodari kuliko wote. Akimaliza, mweke begani, umpigepige mgongo mpaka abeue.

Chini ya miezi sita hakuna maji, hakuna uji. Asali hakuna kabisa kabla ya mwaka mmoja, hata bibi akileta ya nyuki wadogo kutoka kijijini. Miezi sita ikitimia anaanza uji mzito kiasi na mtori uliopondwa, na parachichi, ambalo kwetu halikosekani.

Hatua ya sita: kulala, kuoga, kucheza

Mtoto alazwe chali, kwenye godoro gumu kiasi, bila mto, bila midoli, na chandarua kimechomekwa. Akioga, maji yapimwe kwa kiwiko, na mkono wako mmoja usimwache hata simu ikiita. Mchana mlaze kifudifudi akiwa macho, ukiwa umelala mbele yake mkekani, aimarishe shingo.

Mchezo mkubwa ni kuongea. Mwambie unachofanya: "Sasa tunavua soksi. Iko wapi nyingine?" Wageni waliokuwa hawajui Kiswahili niliwaambia waimbe kwa lugha yao, ni bora kuliko kimya. Wewe huna sababu ya kukaa kimya. Mbeleko nayo ni dawa: mfunge mgongoni huku unapanga nguo, atasikia moyo wako na atalala kabla hujamaliza.

Hatua ya saba: jua lini uite mtu

Huji kutibu. Unakuja kuona mapema na kusema. Ita mara moja ukiona: mtoto hataki kunyonya, anatapika kila kitu, degedege, amelegea na haamki vizuri, au homa kwa aliye chini ya miezi mitatu. Kupumua hesabu kwa dakika nzima akiwa ametulia: chini ya miezi miwili, 60 au zaidi ni haraka mno, miezi miwili hadi mwaka, 50, baada ya mwaka, 40. Kifua kikibonyea ndani chini ya mbavu kila anapovuta pumzi, ni hospitali bila kusubiri daktari wa makao afike. Moshi watu hukimbilia Mawenzi au KCMC, Arusha hospitali ya Mount Meru. Jua mapema gari ni lipi na ufunguo anashika nani saa nane usiku.

Akiharisha, kitu cha kwanza ni maji yenye chumvi maalumu ya paketi, pamoja na vidonge vya zinki kwa maelekezo ya mhudumu wa afya. Tazama kadi yake ya kliniki pia: kuzaliwa, wiki 6, 10 na 14, kisha surua-rubela miezi 9 na 18. Watoto wanaohamishwahamishwa ndio hurukwa.

Hatua ya nane: simu na mdomo

Hakuna picha. Hata ya mgongo, hata ya mkono mdogo umeshika kidole chako. Mtoto huyo ana baba Same au shangazi Mbulu, na siku moja atakuwa na miaka ishirini na simu yake. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, lakini hata isingekuwepo, jiulize wewe ungependa picha yako ya nepi iende wapi.

Usiulize mama yake alikufa na nini. Usiulize nani anatumia dawa za VVU. Ukizikuta habari hizo, zife na wewe. Ila ukiona mtoto anapigwa, ananyimwa chakula au anashikwa vibaya, hapo kunyamaza ni kosa: mwambie msimamizi, na kama msimamizi ndiye tatizo, nenda kwa afisa ustawi wa jamii, Dawati la Jinsia na Watoto polisi, au piga 116, namba ya huduma kwa mtoto, bure.

Hatua ya tisa: zawadi

Uliza orodha. Usibadilishe aina ya maziwa kwa hiari yako, na soma umri kwenye kopo. Pipi hatuzihitaji. Sabuni ya kufulia, pampasi za usiku, na umeme wa mwezi mmoja, hivyo hakuna anayevipigia picha lakini ndivyo vinavyoisha. Na ukiwa na fedha kidogo zaidi, uliza kama kuna familia iliyokwama kumchukua mtoto wao kwa kukosa maziwa ya miezi mitatu. Mara nyingi ipo.

Hatua ya kumi: kuondoka

Usitoroke ukiona machozi yatakuja. Taja tarehe mwezi mzima kabla. Wiki mbili za mwisho punguza: mlezi ampe chupa wewe ukiwa pembeni, kisha ukiwa mlangoni, kisha ukiwa haupo. Siku yenyewe muage mchana, akiwa macho, kwa maneno.

Na uache ukurasa kwenye daftari la zamu, kwa mwandiko unaosomeka, kwa sababu siku baba akija kumchukua, ukurasa huo atasomewa yeye. Wangu wa mwisho ulikuwa hivi: "Anapenda chupa ya moto kidogo kuliko wenzake. Akikunja miguu ni tumbo, mzungushie mkono tumboni. Anaogopa mlio wa mashine ya kukata nyasi. Usiku akiamka usiwashe taa, mwite jina tu, mara tatu, polepole. Parachichi anatema, ndizi anakula. Meno mawili ya chini yametoka Jumapili."